Kitambi Hakiondoki kwa Kukunja Tumbo: Jibu kwa Dada Yetu wa Meru



Mwezi wa Shawwal uliopita tulialikwa na ndugu zetu wa Meru kusomesha kwa siku tano, kisha tukateremka hadi Embu kwa siku tatu nyingine. Sisi watu wa pwani tumezoea kudhani kwamba Uislamu wa bara ni mgeni wa jana. Anayefika katika mitaa ya Waislamu ya miji hiyo miwili atakuta buibui, harufu ya mahamri asubuhi, watoto wamebeba misahafu, na Kiswahili ambacho wazee wamekirithi kwa wazee wao. Tulijiona tuko nyumbani, ila kwa baridi ya alfajiri inayoshuka kutoka Mlima Kenya, ambayo ilitufanya tuogope maji ya udhu kama watoto wadogo.

Siku ya tatu ilikuwa darsa ya akina mama. Desturi ya pale ni kuwa maswali huandikwa kwenye vikaratasi, na mtoto wa kike huvipitisha upande wa pili wa pazia. Vingi viliuliza habari za twahara, mirathi na eda. Kimoja kilikuwa kimekunjwa mara nne, kana kwamba mwenyewe hakutaka hata huyo mtoto akione.

Mwandishi wake alieleza kwamba ana miaka 38 na watoto wanne. Kila usiku baada ya Isha, watoto wakishalala, hutandika mkeka, akalala chali, akainua kiwiliwili chake mara mia moja. Amefanya hivyo kwa miezi mitatu na tumbo liko palepale. Amenunua majani ya chai ya kukata tumbo, yakamharisha. Amenunua mkanda wa kujikaza, ukamnyima pumzi. Mumewe humtania kwa jina la dhihaka mbele ya watoto. Na juu ya yote hayo, mama yake mzazi alikatwa mguu kwa ugonjwa wa sukari, naye anahofu kwamba njia ni hiyo hiyo. Akamalizia kwa kuuliza afanye zoezi gani.

Tungaliweza kumjibu kwa mawaidha ya subira tukaenda zetu. Lakini ukweli ni kwamba hatukuwa na jibu, na sisi wenyewe siku hiyo tulikuwa tumekaa juu ya mimbari na kitambi kilichotutangulia. Miaka ya kualikwa kwenye walima, hitima na maulidi haipiti bure. Tukasema kwa sauti, bila kumtaja wala kusoma aliyoyaandika, kwamba swali hili tunaliweka amana, na jibu lake tutaliandika katika jarida hili, inshaallah. Tuliyoyaandika hapa tumeyasoma na tumeyauliza kwa wajuzi, akiwamo mke wa mwenyeji wetu wa Embu, ambaye ni muuguzi.

Mafuta hayachukuliwi mahali pamoja

Kosa la dada yetu si uvivu. Amefanya kazi kubwa kuliko wengi wetu. Kosa lake ni lile la watu karibu wote: kuamini kwamba misuli inayofanya kazi hula mafuta yaliyo juu yake. Sivyo mwili ulivyoumbwa. Mafuta ni ghala la mwili mzima. Misuli inapohitaji nguvu, mafuta huyeyushwa kutoka maghala yote, yakaingia katika damu, na damu ndiyo inayoyasafirisha. Mwili ndio unaoamua utoe wapi kwanza, wala haumuulizi mwenye mwili.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 1971 watafiti wa Marekani waliwapima wachezaji wa tenisi, watu ambao mkono mmoja hufanya kazi kwa miaka na mwingine hupumzika. Mkono wa kazi ulikuwa na misuli minene zaidi, lakini mafuta yaliyo chini ya ngozi hayakuwa machache kuliko ya mkono wa pili. Mwaka 2011 wengine wakawafanyisha watu mazoezi ya tumbo peke yake, siku tano kwa wiki, kwa wiki sita. Misuli ya tumbo ilipata ustahimilivu. Mafuta ya tumbo hayakupungua.

Kwa hiyo, dada yetu, mara mia moja zako za kila usiku zimekupa misuli imara chini ya shuka. Shuka lenyewe halijaondoka. Hukupoteza kila kitu, lakini ulikuwa unagonga mlango usio wake.

Ama mkanda, huo huyabana mafuta yakahamia juu na chini, na jasho unalotoa ni maji, utayarudisha kwa bilauri mbili. Ama majani ya kukata tumbo, baadhi yake yana dawa ya kuharisha. Mizani hushuka kwa siku moja kwa sababu maji yametoka, na matumbo huzoea dawa hiyo mpaka yakashindwa kufanya kazi yake bila ya kusukumwa. Fedha hizo ni bora ununue viatu vya kutembelea.

Kwa nini jambo hili si la urembo tu

Kuna mafuta ya chini ya ngozi, yale tunayoweza kuyashika kwa vidole. Na kuna mafuta ya ndani, yanayozunguka ini na matumbo. Haya ya pili ndiyo yanayohusishwa na ugonjwa wa sukari, shinikizo la damu na maradhi ya moyo. Mtu anaweza kuwa na mikono na miguu myembamba, akabeba hatari yake yote kiunoni.

Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu maradhi yasiyoambukiza nchini Kenya ulionyesha kwamba watu wazima 27 katika kila 100 walikuwa na uzito uliozidi. Kwa wanaume walikuwa karibu 17. Kwa wanawake walizidi 38. Akina mama ndio wanaobeba mzigo huu zaidi, na ndio wanaochekwa zaidi pia.

Kujipima hakuhitaji hospitali. Chukua utepe wa fundi cherehani. Simama wima, toa pumzi kwa kawaida, wala usilivute tumbo ndani. Pima katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga. Kwa mwanamke, sentimita 80 na zaidi ni onyo. Kwa mwanamume ni 94. Kipimo kingine chepesi: kiuno kisizidi nusu ya kimo. Mwenye kimo cha sentimita 160, kiuno chake kikizidi 80, azinduke. Sisi tulijipima katika chumba cha wageni tukiwa peke yetu, tukakuta 104. Tulipima mara ya pili tukidhani utepe umejikunja. Haukuwa umejikunja.

Tuliyojifunza kwenye mlima wa Kigari

Huko Embu mwenyeji wetu alitupeleka baada ya Alfajiri hadi Kigari, kwenye barabara ya kupanda kuelekea msituni. Wapenzi wa riadha wanapajua. Katika chuo cha ualimu cha hapo ndipo timu ya Kenya ya mbio za nyika ilipopiga kambi kwa miaka mingi. Ni timu ambayo wanaume wake walitwaa ubingwa wa dunia mara kumi na nane mfululizo, tangu 1986 hadi 2003. Walikuja kutafuta hewa nyepesi na vilima vikali.

Tulipanda kilima kimoja kwa dakika kumi tu. Mwenyeji wetu alikuwa akituuliza masuala ya fiqhi, nasi tukawa tunamjibu kwa ishara ya kichwa, kwa kuwa pumzi haikutosha kwa hoja. Mama mmoja wa makamo, amebeba kikapu cha majani ya chai mgongoni, alitupita, akatusalimu, akaendelea kupanda akizungumza na mwenzake. Hakuwa na kitambi, na hatudhani kwamba amewahi kutandika mkeka usiku kuhesabu mia moja.

Hapo ndipo jibu lilipo. Misuli mikubwa ya mwili ni ya mapaja, makalio na mgongo. Hiyo ndiyo inayokula nguvu nyingi. Zoezi linaloitembeza misuli hiyo kwa muda mrefu, moyo ukaenda mbio kiasi, ndilo linalofungua ghala. Na rehema iliyomo ni hii: mafuta ya ndani, yale ya hatari, huitikia mwendo huo hata kabla ya mizani kuonyesha lolote.

Mazoezi ya kuchagua

La kwanza ni kutembea kwa haraka. Shirika la Afya Duniani linawataka watu wazima wapate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kila wiki. Dakika 30 kwa siku tano zinatimiza kiwango cha chini. Wa wastani ni mwendo ambao unaweza kuzungumza na mwenzako, lakini huwezi kuimba kasida. Ukiweza kuimba, ongeza hatua. Usipoweza hata kuitikia salamu, punguza. Anayeanza asianze na thelathini. Wiki ya kwanza dakika kumi, kisha aongeze tano kila wiki; wiki ya tano atafika. Watu wa Meru na Embu wamejaaliwa vilima, na dakika moja ya kupanda ina uzito kuliko dakika moja ya tambarare. Wa Mombasa, Lamu na Malindi wana ngazi za nyumba na mchanga wa ufuoni, nao mchanga ni mwalimu mkali.

La pili ni mazoezi ya nguvu, siku mbili kwa wiki, ndani ya chumba chako. Simama mbele ya kiti, shuka kana kwamba unakaa, gusa kiti, inuka. Weka mikono ukutani, miguu nyuma kidogo, inamia ukuta kwa kukunja viwiko, kisha jisukume. Lala chali, magoti yamekunjwa, nyayo chini, inua nyonga, kaa kidogo, shusha. Shika kibuyu cha maji cha lita tano kila mkono, tembea ukumbini huku na huku. Kila moja mara kumi hadi kumi na mbili, ukirudia mizunguko miwili. Misuli hii haiyeyushi mafuta kwa siku moja, lakini huulinda mwili usipoteze nyama unapopungua uzito, na huusaidia mwili kuitumia sukari iliyo katika damu.

La tatu ni la tumbo lenyewe, nalo hatulikatazi. Lala kifudifudi, jiinue kwa viwiko na vidole vya miguu, mwili unyooke kama ubao, hesabu hadi kumi na tano huku ukipumua. Asiyeweza atumie magoti badala ya vidole. Faida yake ni mgongo usiouma na tumbo linalojishika. Ni chumvi ya mchuzi, si mchuzi wenyewe.

Akina dada waliojifungua wana hukumu yao. Misuli miwili ya mbele ya tumbo huachana wakati wa mimba, na kwa wengine huchelewa kukutana tena. Kulala chali na kuinua kiwiliwili kwa nguvu kunaweza kuzidisha mwanya huo. Ukilala ukainua kichwa ukaona tuta limesimama katikati ya tumbo, acha zoezi hilo. Mwone daktari au mtaalamu wa viungo. Baada ya arubaini, anza kwa kutembea taratibu na kuvuta pumzi ndefu huku ukikaza misuli ya chini, ile inayozuia mkojo. Aliyepasuliwa asianze mpaka aruhusiwe na aliyemhudumia.

Vilevile tumbo si mafuta kila mara. Likikua upesi huku mwili mwingine unakonda, likiwa gumu, likiuma, au hedhi ikivurugika, usilifanyie mazoezi, lipeleke hospitali. Mwenye maumivu ya kifua au kizunguzungu njiani asimame na atafute msaada. Mwenye sukari anayedunga insulini azungumze na daktari wake kwanza, na asitoke bila kitu kitamu mfukoni.

Hesabu ya kikombe cha chai

Hatutakuwa waaminifu tukinyamazia chakula. Kilo moja ya mafuta ya mwili imebeba takriban kalori 7,700. Matembezi ya haraka ya nusu saa hutumia takriban kalori 150, na kwa siku tano ni 750. Kwa mwendo huo peke yake, kilo moja itachukua zaidi ya wiki kumi.

Sasa tazama upande wa pili. Kijiko kimoja cha sukari ni kalori 16. Anayekunywa vikombe vinne vya chai kwa siku, vijiko vitatu kila kimoja, anaingiza kalori zaidi ya 1,300 kwa wiki kwa sukari tu, hatujataja maziwa wala kitafunio. Matembezi yake yote ya wiki yameshindwa na birika. Hatusemi watu waache chai. Tungefukuzwa Meru na pwani kwa pamoja. Tunasema vijiko vitatu viwe kimoja, polepole, na ulimi utazoea ndani ya mwezi.

Watu wa bara wana vyakula ambavyo sisi tungefaa kuviiga: githeri, njahi, nduma, viazi vitamu vya kuchemsha. Hushibisha na kukaa. Tatizo huingia pale nduma inapoachiwa wazee na vijana wakahamia chipsi na soda. Sisi nasi tuna samaki na mboga, lakini meza zetu zimetekwa na viazi vya karai, mahamri na sahani ya pilau inayojazwa mara mbili kwa heshima ya mgeni. Na wale wanaodai kwamba miraa au muguka huondoa kitambi kwa kuwa huua hamu ya kula, wajitazame saa sita walizokaa kitako wakishushia soda, kisha usingizi ukawakimbia. Asiyelala vyema huamka na njaa kuliko mwenzake.

Mtume wetu, swallallahu alayhi wasallam, alitufundisha kwamba hakuna chombo kibaya anachokijaza mwanadamu kuliko tumbo lake, na akatugawia theluthi: ya chakula, ya kinywaji na ya pumzi. Tumeisomesha hadithi hii ya Tirmidhi kwa zaidi ya miaka ishirini. Tulimwomba Mola msamaha kwa kuwa tulikuwa tukiisomesha kabla ya chakula na kuisahau baada ya bismillahi.

Stara, swala na waume

Akina mama wengi huuliza watembee wapi, na stara yao itakuwaje. Katika Embu tuliona kundi la akina mama sita wakitembea pamoja baada ya jua kuchomoza, wamevaa kanzu pana na viatu vya raba, wala hakuna aliyewasumbua. Wingi wao ndio ulinzi wao. Asiye na wenzake atumie ua wa nyumba, au aende papo kwa papo ndani ya chumba akiinua magoti. Mwili hauulizi umetembea wapi.

Wengine hutuambia kwamba swala tano zinatosha kuwa mazoezi. Tuseme wazi: swala ni ibada, na tunaisimamisha kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Ndiyo, viungo hunyooka. Lakini anayeihesabu kama matembezi amekosea hesabu mbili, ya mwili na ya nia. Kinachofaa ni kwenda msikitini kwa miguu badala ya kupanda bodaboda kwa hatua mia tatu.

Na sasa tunawageukia waume. Amepokea Abu Daud kutoka kwa Bibi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, kwamba alishindana mbio na Mtume safarini akamshinda. Baadaye, alipokuwa ameongezeka mwili, wakashindana tena na Mtume akamshinda, akamwambia kwamba hii ni kwa ile. Tazameni, enyi waume. Mwili wa mkewe ulikuwa umebadilika, naye aliutaja mchezo, hakuutaja mwili. Alishuka akakimbia naye. Yeye ndiye kiumbe bora, na hakumpa mkewe jina la dhihaka mbele ya watu. Mwanamke aliyekubebea mimba nne, tumbo lake ni shahidi wa watoto wako. Ukitaka apungue, vaa viatu utoke naye, na punguza wewe kijiko cha sukari kabla ya kuhesabu chake.

Khabari kutoka Meru

Tuliporudi pwani, tulimtumia mwenyeji wetu wa Meru muhtasari wa jibu hili ausome kwenye darsa, bila kumtaja mtu. Juzi mkewe alitupigia simu. Alisema wako akina mama tisa sasa, hutembea asubuhi nne za wiki. Mmoja wao, aliyesema mwenyewe kwamba karatasi ilikuwa yake, alikwenda kwanza kupimwa kama tulivyonasihi. Sukari yake ilikutwa juu, si kwa kiwango cha mama yake, bali kwa kiwango ambacho daktari alisema bado kinaweza kurudishwa kwa chakula na mwendo. Kiuno chake kimepungua sentimita nne katika wiki kumi na moja. Ni kidogo, naye alitarajia zaidi. Lakini kama angeendelea kuhesabu mia moja kila usiku gizani, asingejua kuhusu sukari hiyo mpaka ijitambulishe yenyewe, kama ilivyojitambulisha kwa mama yake.

Tuliuliza kuhusu mumewe. Tukaambiwa kwamba Jumapili moja alionekana akitembea nyuma ya kundi, hatua kama hamsini, akijifanya ana safari zake.

Sisi tuko 99 leo, kutoka 104. Tunatembea baada ya Alfajiri hadi jua linapochomoza, na kwenye walima tunakaa karibu na mlango. Safari bado ni ndefu, na hatuoni haya kusema kwamba tumeianza kwa sababu ya karatasi iliyokunjwa mara nne. Mwenyezi Mungu amlipe kheri aliyeiandika, amponye, na ampe kila msomaji wetu nguvu ya mwili anayoweza kumwabudu kwayo.

Wabillahi tawfiq.